Ludmila Si Lucy

Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la mwaka 1973, nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi Birmingham. Majina ya wengine nimeyabadilisha. La Ludmila sikuthubutu.

Alhamisi, Februari 1973. Erdington.

Tangu asubuhi kinanyesha kile kitu ambacho si mvua wala si theluji. Kinagonga dirisha, kinateleza, kinaacha uchafu. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nilipanga kufua, kuandika barua nyumbani, kisha kulala mpaka mwili uchoke kulala. Mpaka sasa, saa tisa alasiri, nimefua soksi moja.

Nina hasira tangu juzi. Nimejaribu kuiombea, haikuombeka.

Kisa chenyewe ni jina la mtu.

Nitaeleza kwa utaratibu, daftari, kwa sababu kesho saa tatu asubuhi naitwa ofisini kwa msimamizi mkuu wa wauguzi, na nataka niende nikiwa ninajua ninachokisema. Nikikasirika Kiingereza changu hukimbia, ninabaki na Kiswahili na Kitaita, na pale ofisini hakuna anayevijua.

Ludmila nilimfahamu Oktoba iliyopita, nilipokuwa wodi ya upasuaji ya wanawake. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mrefu, mwenye nywele za kijivu alizozisuka na kuzizungushia kichwani. Ni Mcheki. Alikuja nchi hii baada ya vita, peke yake, na tangu hapo anafanya kazi katika kiwanda kidogo cha bawaba za milango kule Sparkbrook. Sanduku la vyuma lilimwangukia mguuni, akalifunga jeraha kwa kitambaa na kuendelea na kazi siku nne. Lilipofika kwetu lilikuwa limeoza. Mimi nilipewa kulisafisha kila asubuhi, na ili asilitazame, tulikuwa tukizungumza.

Safari hiyo alikuja na akili zake timamu na karatasi zake zote, kwa hiyo kwenye kadi ya kitanda waliandika jina lake kamili: Ludmila Hruskova. Siku ya kwanza nililisoma kama tulivyofundishwa kusoma shuleni kwetu, silabi kwa silabi, kila herufi na sauti yake. Akageuza kichwa kwenye mto akanitazama.

"Umelisema sawa," aliniambia. "Wengine hulikwepa kama dimbwi la maji."

Nikamuuliza maana yake. Kwetu Wundanyi hilo ni swali la kawaida kabisa. Mimi mwenyewe ni Rehema kwa sababu mama alizika watoto wawili kabla yangu, na nilipolia bibi akasema hii sasa ni rehema. Nilidhani ataniambia hajui, kama Waingereza wengi wanavyonijibu nikiwauliza ya kwao. Ludmila alisahau mguu. Alijiinua kwa viwiko.

Jina lake, alisema, ni maneno mawili yaliyoshikana. La kwanza ni watu, umma, taifa. La pili ni mpendwa, kitu kitamu moyoni. Kwa hiyo ni mpendwa wa watu. Lakini baba yake, aliyekuwa mwalimu, alibishana na kasisi wao kuhusu hilo miaka mingi. Kasisi alisema ni yule anayependwa na watu. Baba alisema hapana, ni yule anayewapenda watu, anayewaonea huruma. Maneno yenyewe yanakubali tafsiri zote mbili.

"Na wewe unashika upande gani?" nilimuuliza.

"Mimi nilikuwa upande wa mama. Alisema waache kelele, mtoto amelala."

Ni jina la kale sana. Halimo katika Biblia, wala halikuletwa na wamisionari. Mababu zao walikuwa wakiunganisha maneno mawili namna hiyo kumtakia mtoto mema hata kabla hawajabatizwa. Kisha, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akatokea mke wa mtawala wa nchi yao aliyeitwa hivyo. Akabatizwa na mumewe. Alipobaki mjane, akamlea mjukuu wake na kumfundisha kusoma. Mama wa yule mtoto, yaani mkwe wake, akaona kwamba mwanawe anamsikiliza bibi kuliko yeye, na kwamba anayemshika mtoto leo ndiye atakayeishika nchi kesho. Akatuma wanaume wawili nyumbani kwa mjane. Walimnyonga kwa ushungi wake mwenyewe.

Nakumbuka niliacha kusafisha jeraha. Nilikuwa na koleo mkononi na pamba imelowa, nikasimama tu.

Watu wakamfanya mtakatifu wao. Mjukuu akaja kutawala, naye pia akauawa akawa mtakatifu, na huyo Waingereza wanamjua vizuri, wanamtaja kila Krismasi katika wimbo wao wa mfalme mwema. Bibi aliyemfundisha kusoma hawamjui. Lakini akina mama wa kwao hawakumsahau. Wamewapa binti zao jina hilo tangu wakati ule mpaka leo, likavuka mipaka likaenda kwa Wapolandi, kwa Warusi, kwa Wabulgaria, kila mmoja akilitamka kidogo kwa namna yake. Darasani kwao, Ludmila alisema, walikuwa Ludmila wanne. Mwalimu akiita, wanasimama wote. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na jina la kufupisha, na yeye kwao aliitwa Lidka. Septemba kuna siku ya jina hilo kwenye kalenda yao, na mtu huletewa maua na majirani hata kama si siku yake ya kuzaliwa.

"Na hapa?" nilimuuliza.

"Hapa mimi ni Lucy," alisema, na akalala tena.

Siku ya kwanza kiwandani, msimamizi alisoma karatasi yake, akakunja uso, akasema hili ni refu mno, wewe utakuwa Lucy. Na Hruskova likawa Rush. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Kiingereza chake kilikuwa ndiyo, hapana na asante. Akasema ndiyo.

Wiki ya pili ya kulazwa kwake homa ilipanda, wakamchoma sindano ya penisilini. Nilikuwa kando yake na beseni la maji. Hazikupita dakika tano. Midomo ilivimba, macho yakafumbwa na uvimbe, akaanza kutafuta hewa na hewa haiingii. Alinishika mkono akaniachia alama za kucha. Daktari alikuwa mlangoni kwa bahati tu. Alimwokoa kwa sindano nyingine, na jioni ile waliandika juu ya faili lake kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa, kwamba mgonjwa huyu asipewe penisilini kamwe. Wakampa na kikaratasi cha kubeba kwenye mkoba.

Hayo ni ya Oktoba. Sasa ya juzi.

Siku hizi niko wodi ya magonjwa ya ndani. Jumanne niliingia zamu saa saba mchana. Sista wa wodi, yaani muuguzi anayeiongoza, alikuwa mezani kwake akiandika, akaniambia bila kuinua kichwa niende na Nora kugawa sindano za saa nane. Nora ni muuguzi kamili, Muairishi, ana mikono myepesi kuliko wote. Tulianza upande wa dirisha. Tulipofika kitanda cha tisa, Nora akasoma kadi.

"Lucy Rush. Ameingia saa tano. Nimonia. Penisilini."

Nilikuwa nimeshika trei. Nikatazama mto, nikaona ule msuko wa kijivu umelegea na kumwangukia shingoni.

Sikufikiri. Niliweka mkono wangu juu ya sindano.

"Usimpe," nilimwambia. "Huyu si Lucy Rush. Anaitwa Ludmila Hruskova. Penisilini itamuua, nimeiona kwa macho yangu."

Nora hakubishana. Aliirudisha sindano kwenye trei na kumwita Sista.

Sista alikuja na mwendo wake ule wa viatu visivyolia. Nilieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nalikubali, kisha akasema, "Nurse Mac." Ndivyo anavyoniita. Mimi ni Rehema Mwakio, lakini Mwakio nalo ni refu mno. "Nurse Mac, mwanamke huyu ameletwa na msimamizi wake wa kazi, ambaye anamjua kwa zaidi ya miaka ishirini. Ameanguka mbele ya mashine. Msimamizi ametoa jina lake na anwani yake. Tumeuliza chumba cha mafaili. Hakuna Lucy Rush aliyewahi kulazwa hapa."

"Kwa sababu faili lake lina jina lake, Sista."

"Umemchanganya na mwingine. Wanawake wa kule wanafanana."

Nilipiga magoti. Nikamwita sikioni. "Mama Ludmila." Siwezi kumwita mtu wa umri wa mama yangu kwa jina tupu. Alifumbua macho kidogo, akasema maneno mengi ya kwao, ya haraka, akayafumba tena. Homa ilikuwa imempanda kichwani.

"Unaona," nilisema. "Ameitikia."

"Ameitikia sauti," Sista alisema. "Ondoka magotini. Sindano ya mgonjwa huyu imeandikwa na daktari. Hasira yote hii kwa ajili ya jina?"

Hapo nikapaza sauti. Nilisema, na wagonjwa wote wa wodi ile walisikia, kwamba anaitwa Ludmila, na kwamba akichomwa sindano ile atakufa, na kwamba wote tuliosimama pale tutakuwa tumemuua kwa uvivu wa ulimi. Maneno hayo ya mwisho sikuyapanga. Yalitoka yenyewe.

Nora alitazama sakafu, kisha akasema polepole kwamba yeye hatachoma mpaka daktari aje. Mungu ambariki Nora. Sista alimtazama kama mtu aliyekanyagwa, na mimi nikaondoka. Sikuomba ruhusa. Nilishuka ngazi mbio mpaka chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha mafaili.

Anayefanya kazi pale ni Mzee Gurdev. Ni Kalasinga wa Kisumu, alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli kule kabla ya kuja huku mwaka 1968 na familia nzima. Tukikutana kwenye korido huzungumza Kiswahili, na ananiita dada ingawa ana binti wa rika langu.

"Mzee, nitafutie faili haraka," nilimwambia. "Mtu anataka kuchomwa dawa ya kumuua."

"Jina?"

"Asubuhi walikuuliza Lucy Rush."

"Ndiyo, waliniuliza kwa simu. Nikatazama. Hakuna."

"Tazama Hruskova. Linaanza na H."

"H," alisema. "Dada, kama wangeniambia H tangu saa tano, lingekuwa juu saa tano na robo." Akapanda ngazi ya mbao na kilemba chake kikagusa dari. Nilimsikia akisoma majina kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, yote kamili. Kisha akashuka na jalada la kahawia. Ule wino mwekundu ulikuwa juu kabisa. Mtu angeuona kutoka upande wa pili wa barabara.

"Kimbia," aliniambia.

Nilipofika juu daktari alikuwa ameshakuja, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alisoma ile mistari myekundu mara mbili. Akaifuta penisilini kwenye chati na kuandika dawa nyingine. Aliniambia asante kwa sauti ndogo. Sista alisoma faili, akalifunga, akalipanga mezani sawasawa na ukingo.

Kisha akasema nimetoka wodini bila ruhusa, nimemdharau mbele ya wagonjwa, na nibadilishe aproni kwa sababu ina vumbi.

Nilibadilisha. Nilikuwa na furaha mno, sikujali. Nilichukua kadi mpya, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, Ludmila Hruskova, nikaiweka juu ya kitanda. Ile ya Lucy Rush niliitupa.

Saa kumi na moja, baada ya chai, nikapita kitanda cha tisa. Kadi yangu haikuwapo. Ilikuwapo mpya, kwa mwandiko wa Sista: Lucy Rush.

Daftari, nilidhani macho yangu yamekosea.

Nikaenda mezani kwake. Nilijaribu, Mungu anajua, nilisema kwa adabu. Nilimuuliza kwa nini. Aliniambia faili litabaki na jina lake refu, wameshaandika na la pili ndani ili lisipotee tena, kwa hiyo hakuna hatari. Kitandani ni Lucy. Ndivyo kila mtu anavyomjua, yeye mwenyewe amelikubali miaka yote, na wauguzi wake hawana muda wa kuumauma ulimi kila wakibeba beseni la mkojo.

Saa tatu kabla, jina hilo fupi lilikuwa karibu kumzika. Saa tatu tu. Na alikuwa amelirudisha, kwa kalamu, kwa mwandiko ulionyooka.

Nilirudi kitandani, nikaichomoa ile kadi, nikaichana vipande vinne huku Sista akinitazama.

Ndiyo sababu kesho naitwa. Natakiwa nilete barua ya kuomba radhi, na nisipoileta, wataangalia kama ninafaa kuendelea na mafunzo. Nimebakiza miezi minne kufanya mtihani wa mwisho.

Ningekuwa mwongo nikikomea hapa, nionekane shujaa. Jana kulitokea mengine.

Jana niliingia zamu mchana, homa ya Ludmila ilikuwa imeshuka. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, mweupe, na ameomba chanuo. Juu ya kitanda, kadi ya Lucy Rush kwa mara ya tatu. Nora alikuwa amemweleza yote. Nilikaa pembeni nikaanza kumsuka nywele, nikamwambia asiogope, nitapigana mpaka kadi ile iondoke.

"Usigombane kwa ajili yangu," alisema. "Iache. Lucy ni kama koti la kazi. Nikitoka kiwandani nalivua."

"Lakini juzi lilikuwa karibu kukuua, Mama."

"Kikaratasi changu kilikuwa kwenye mkoba, na mkoba kabatini kazini. Lilikuwa kosa langu pia."

Nilimkasirikia. Hilo ndilo ninalotaka kukiri. Nilimkasirikia mgonjwa wangu kwa sababu hakukasirika kama mimi. Nilivuta nywele kwa nguvu mpaka akasema aa. Nikamwambia kwa ukali, mtu aliyeponea chupuchupu, kwamba kwao wanawake wametunza jina hilo zaidi ya miaka elfu na yeye amelitoa kiwandani kwa siku moja.

Aliondoa kichwa mikononi mwangu. Nikaona nimemuumiza, na nikaona jambo jingine baya zaidi: tangu Jumanne nilikuwa nimelisema jina lake kwa kila mtu, nimelipigia kelele, nimechana karatasi kwa ajili yake, na hata mara moja sikumuuliza yeye anataka kuitwa nani.

Nikamwomba radhi. Kisha nikamuuliza.

Alisema, "Maliza nywele."

Saa ya wageni alikuja mgeni mmoja tu kitanda cha tisa. Ni yule msimamizi wa kiwandani, Bwana Tranter. Nilikuwa nimemchora kichwani mtu mkubwa mwenye sauti nene. Alikuja mzee mfupi, karibu kustaafu, kofia mkononi, zabibu ndani ya mfuko wa karatasi, na ule mkoba wa Ludmila ameukumbatia kama mtoto. Alikuwa ameambiwa mapokezi kilichotokea. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Niliwaambia Lucy Rush," alisema. "Waliniuliza jina, nikasema Lucy Rush. Sikujua kwamba silijui."

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nikashindwa, na hilo nalo likanikasirisha, kwa sababu hasira yangu ilimhitaji.

"Miaka yote hiyo hukuniambia neno," alimwambia Ludmila. "Ungesema."

"Niliandika siku ya kwanza," Ludmila alisema. "Ulikuwa umeshika karatasi."

Mzee aliinamisha kichwa. Akajaribu kulisema jina. Alilivunja katikati, akalijaribu tena, likatoka limepinda. Akasema, kwa unyonge kabisa, kwamba ni gumu kwenye ulimi wake, Lucy, mpenzi. Watu wa hapa humwita kila mtu mpenzi, hata dereva wa basi.

Nilikuwa nikipanga dawa kwenye toroli, mgongo umewaelekea. Nilisubiri Ludmila acheke, aseme haidhuru. Alikuwa akicheka na kusema haidhuru tangu nimjue.

"Tena," alimwambia.

Mzee akasema tena.

"Tena."

Sikugeuka. Nilihesabu vidonge vilevile mara mbili huku nikimsikia mzee yule akifundishwa, silabi kwa silabi, mwekundu masikio, na kitanda cha nane na cha kumi wakinyoosha shingo. Mara ya sita au ya saba lilitoka. Halikuwa zuri, lakini lilikuwa lake. Ludmila akachukua zabibu moja, akala.

Mzee alipoondoka, aliniita, akanyoosha mkono. "Nipe kalamu. Na ile kadi."

Nikaitoa mahali pake nikampa. Alikata Lucy Rush kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake akaandika mwenyewe, polepole, kwa ule mwandiko wa shule za kwao wenye mikia mirefu, na kwenye Hruskova akaweka vile vialama vidogo vya juu ya herufi ambavyo hakuna karatasi ya nchi hii iliyowahi kuvipa nafasi. Akanirudishia.

"Ulichana karatasi ya mkuu wako," alisema. "Hilo ulifanya wewe. Hii nimefanya mimi."

Sista alipita saa kumi na mbili na nusu kufanya mzunguko wake wa mwisho. Alisimama mbele ya kitanda cha tisa. Alisoma kadi. Ludmila alikuwa akimtazama moja kwa moja, hakutabasamu wala hakuteremsha macho. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Sista aliitazama chati, akauliza kama amekula.

"Nimekula," Ludmila alisema.

Sista akaenda kitanda cha kumi. Kadi haikuguswa. Nora amepita leo baada ya zamu yake na kuniambia kwamba mpaka asubuhi ilikuwa palepale, na kwamba wanafunzi wawili wapya wamesikika bafuni wakifanya mazoezi ya kulitamka.

Lakini miadi yangu ya kesho iko palepale pia. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa sahihi. Daktari ameandika kwenye chati kwamba dawa ilibadilishwa baada ya kupatikana kwa faili, kana kwamba faili lilipanda ngazi lenyewe. Jina la Mzee Gurdev halimo. La Nora halimo. Na mimi nakwenda kujieleza kwa kosa la kelele.

Nimekaa na karatasi tangu saa nne asubuhi. Nimechana rasimu tano. Ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu na ilimtukana Sista kwa Kiingereza kizuri kuliko nilichowahi kuandika darasani. Ya nne ilikuwa ya kitumwa, naona haya hata kuitaja. Mama akiniona nimerudi Wundanyi bila cheti atasema nini? Wamechangishana kanisani kunileta huku. Nimelifikiria hilo, na nimelifikiria tena, na bado mkono unakataa kuandika kwamba najutia kadi ile.

Ninachojutia nakijua. Mwanamke alikuwa na homa kali, anatafuta hewa, na mimi nilipiga kelele hatua moja kutoka kichwani mwake. Ningeweza kusema yote yale kwa sauti ya chini na bado nikimbie ngazi. Hilo ni kosa la muuguzi, na nitaliomba radhi kama muuguzi.

Kwa hiyo ya sita ina sentensi moja. "Naomba radhi kwa kupaza sauti kando ya kitanda cha Bi. Ludmila Hrušková alipokuwa mahututi." Vialama vyake vya juu nimeviweka, nimevinakili kutoka kiganjani nilikoviandika jana kabla ya kutoka wodini. Chini nimetia saini, Rehema Mwakio. Barua za namna hii huwekwa kwenye jalada, na jalada hukaa miaka.

Wakitaka sentensi ya pili, waiandike wao.